Doa Jeusi Kwenye Picha ya Ini

Nilimpa mdogo wangu zaidi ya nusu ya ini langu, na miezi saba baadaye nikaona macho yake yamekuwa ya manjano. Tulikuwa mezani nyumbani kwangu Same, tunakula makande, na mwanga wa dirisha ukampiga usoni alipoinua kichwa kuomba chumvi. Nikampa chumvi. Nilijua, au nilidhani ninajua, ni nini kimemrudisha kwenye manjano, na hasira iliyonipanda mchana ule sijawahi kuipata tena, hata nilipofiwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mstaafu sasa, na walimu wa rika langu tuna ugonjwa mmoja: tukishaamua nani kapiga kelele darasani, hatuulizi tena. Naliweka hili mwanzoni ili nisionekane natafuta kuhurumiwa. Lakini nitasema pia kwamba nilisalitiwa, na sitalipunguza neno hilo hata kidogo.

Tulizaliwa Kighare, kijiji cha mlimani Ugweno. Mimi wa kwanza, yeye wa mwisho, miaka kumi na miwili kati yetu, na waliozaliwa katikati hawakukua. Mama alipokufa nilikuwa nimeshaanza kufundisha, nikamchukua mdogo wangu nikakaa naye. Ilikuwa miaka ya maduka matupu. Mtu akipata mche wa sabuni, mlimwuliza kaupata wapi kwa sauti ya chini, kama mnaulizana habari za ugonjwa. Sisi wa Ugweno tulikuwa na Taveta upande wa pili wa mpaka, na wenye miguu walishuka huko wakarudi na vitu ambavyo serikali iliviita magendo nasi tuliviita sabuni na mafuta. Mimi nilikuwa mtumishi wa serikali, sikuweza kuonekana na mzigo kama huo. Nikamtuma yeye, ana miaka kumi na saba.

Mgambo walimkamata njiani. Wakamweka kituoni siku mbili wakimwuliza mzigo ni wa nani. Hakusema. Alirudi na mdomo umevimba, akanywa uji, akaenda kulala, na mimi Jumatatu nikaenda kufundisha kama kawaida. Sikuwahi kumshukuru kwa maneno. Nyumbani kwetu mambo kama hayo hayazungumzwi, mtu anaongezewa nyama kidogo kwenye sahani na inatosha.

Kisha ikaja ruksa ya kuuza na kununua. Sabuni ikajaa hadi kwenye vibanda vya wauza karanga, mitumba ikamwagwa chini kila siku ya gulio, na mdogo wangu akashuka kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu kununua samaki. Alikuwa na jicho la biashara. Perege wake wakavu walifika Arusha, wakafika Tanga. Lakini kambi ya samaki ni kambi ya pombe vilevile, naye alikunywa kama walivyokunywa wenzake, kuanzia asubuhi mitumbwi inapopakuliwa. Juu ya pombe alikuwa na kirusi cha ini ambacho hakuna aliyejua amekipata lini. Tumbo likavimba, miguu ikavimba, siku moja akatapika damu beseni zima. Madaktari wakasema ini limekwisha. Wakasema pia kwamba India wanaweza kukata kipande cha ini la ndugu aliye mzima wakampandikiza mgonjwa, na vipande vyote viwili vikakua tena.

Ukoo ulichanga, kanisa likachanga, yeye akauza gari lake la samaki, tukaenda. Asubuhi ya upasuaji walitulaza kwenye vitanda vya magurudumu, kimoja nyuma ya kingine, koridoni. Aligeuza kichwa akaniambia, "Dada, sinywi tena."

Nikamwambia, "Utakuwa unatumia ini langu. Ukinywa, unaninywesha mimi."

Alicheka. Ndiyo mara ya mwisho kumwona akicheka na macho yale ya zamani, yaliyokuwa ya njano kama embe lililoiva. Nilipomwona tena, siku tatu baadaye, yalikuwa meupe.

Tuliporudi Same nilimpa chumba cha uani na masharti kama ya bweni. Dawa saa moja asubuhi na saa moja jioni, bila kukosa, kwa sababu mwili wake ukipata nafasi utalikataa ini la mgeni. Hakuna pombe. Hakuna dawa za mizizi, hakuna majani ya porini, hakuna kikombe cha mtu yeyote anayesema hii inasafisha damu. Nilinunua saa ya kengele ya kichina, nikaiweka juu ya kabati, na ikilia nilikuwa nimeshasimama mlangoni na maji. Yeye alikuwa akisema, "Mgambo amefika." Tulikuwa tunacheka, wakati huo.

Sasa nirudi kwenye yale macho. Kwa wiki kadhaa kabla ya siku ile ya makande, alikuwa ameanza kupanda Kighare kila Jumamosi. Alisema anaangalia shamba. Shamba lenyewe lilikuwa na mtu wa kuliangalia, na migomba haihitaji kutembelewa kila wiki na mtu aliyepasuliwa. Alikuwa anaondoka na basi la asubuhi, anashuka Mwanga, anapanda pikapu ya mlimani, na jioni anarudi ametulia, uso umelegea, kama mtu aliyekipata alichokifuata. Nimeishi na mnywaji. Ninaujua uso huo.

Nilimwuliza mwalimu mwenzangu ambaye kwao pia ni Kighare, na ambaye huenda nyumbani kila mwisho wa wiki. Alisita, akakunja khanga yake mapajani, halafu akasema, "Nilimwona nyuma ya nyumba ya yule mama anayepika dengelua. Amekaa peke yake."

Dengelua ni pombe yetu ya miwa. Sikuhitaji kusikia zaidi.

Nilimwuliza mdogo wangu uso kwa uso. "Unakunywa?"

"Sinywi, dada."

"Na macho?"

"Labda malaria."

Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka mkononi, katika joto la Same, mwezi ambao hata mbuzi wanatafuta kivuli. Nikadhani anaficha alivyokonda. Nilimtazama nikafikiria kisu kilichopita tumboni mwangu, na yule mama wa dengelua akimjazia kata, na nikaona kwamba nimefanywa mjinga. Nilikuwa nimempa kitu ambacho mtu hawezi kumpa mwingine mara mbili, naye alikuwa anakipeleka mlimani kila Jumamosi kukilowesha. Niliumia kiasi kwamba nilishindwa kusahihisha madaftari. Nilikaa na kalamu nyekundu mkononi mpaka chai ikapoa.

Hospitali ya Same ilimtoa damu, na majibu yakaonyesha ini halina raha. Alikuwa na siku yake ya kumwona daktari Dar es Salaam, katika hospitali moja binafsi ambako madaktari wake wa India walikuwa na mtu wao wa kumfuatilia. Sikuweza kwenda naye, darasa la saba walikuwa na mitihani. Kwa hiyo nikaandika barua. Ninaikumbuka yote, kwa sababu niliiandika mara mbili, ya kwanza ilikuwa na hasira mno. Nilisema kwamba kwa masikitiko makubwa namjulisha daktari kuwa mgonjwa amerudia pombe, kwamba anakataa akiulizwa, na kwamba shahidi yupo. Nikaiweka kwenye bahasha ya kaki pamoja na majibu ya damu, nikaifunga kwa gundi, nikampa aibebe mwenyewe.

Akaibeba. Akaishika mapajani kutoka Same mpaka Dar, asijue ndani mna nini.

Daktari aliamini barua. Kwa nini asiamini? Mwandiko mzuri, ya mwalimu, ya dada aliyetoa ini. Alimpima kwa ultrasaundi, akaona ini lenyewe ni zuri na damu inapita, hakuona zaidi ya hapo. Akamkalisha chini akamsomea barua, akampa nasaha juu ya pombe, akamwambia arudi baada ya mwezi.

Mdogo wangu aliporudi hakupiga kelele. Aliweka begi, akanawa, akakaa mezani. Nikamwekea chakula. Alikula nusu, akasema, "Umeandika kwamba shahidi yupo. Shahidi alionja?"

Nilishtuka, lakini sikukubali kuonekana nimeshtuka. "Macho yako ndiyo shahidi."

"Ningekuwa nimekunywa ningekuambia."

"Walevi wote husema hivyo."

Akasukuma sahani. "Basi twende kwa mhunzi."

Hapa inabidi nieleze, maana hata vijana wetu wa siku hizi hawajui. Ugweno tulifua chuma kabla majembe ya dukani hayajafika, na kuna ukoo mmoja wa wahunzi ambao mpaka leo watu wanaogopa kugombana nao. Ndugu wakishindwa kuaminiana, na hakuna aliyeona kwa macho, walikuwa wanakwenda kwa mhunzi. Yeye hupasha chuma moto, hukipiga, na yale magamba meusi yanayobanduka huyakusanya, huyasaga, huyakoroga kwenye maji. Mshtakiwa hunywa akikana. Mshtaki naye hunywa akishtaki. Wakati mahindi ya msimu ule yatakapovunwa, aliyesema uongo atakuwa amevimba tumbo. Mhunzi wa sasa analehemu mageti na kutengeneza mapanga, ana redio inayosikika karakana nzima, lakini fuawe ya babu yake ya kupigia chuma bado iko pale.

Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa ananiambia nikanywe naye. Mimi, mzee wa kanisa, mwalimu wa sayansi wa darasa la sita, nikanywe magamba ya chuma ili kuthibitisha kitu ninachokijua. Niliona ni tusi juu ya tusi. Nikamwambia, "Umekatazwa hata chai ya majani ya porini, wewe unataka kunywa kutu? Siendi. Na wewe huendi."

Hakujibu. Nami nikachukua kimya chake kama wanafunzi wangu wanaponyamaza, yaani wamesikia.

Mwezi ule alizidi kuharibika. Mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikawa cheupe kama udongo wa kuchorea nyumba. Akaacha kupanda Kighare kila Jumamosi kwa sababu ngazi za pikapu zilianza kumshinda. Nikasema moyoni kwamba sasa hata pombe imemshinda. Siku mbili kabla ya safari ya Dar alitoka asubuhi, akanilaghai kwamba anakwenda kunyoa, akarudi jioni na nywele zilezile. Niliziona. Nikaamua kutouliza, kwa sababu nilikuwa nimechoka kudanganywa.

Safari ile tulikwenda wote. Yule daktari wa kwanza alikuwa likizo, tukamkuta mwanamke, kijana kidogo, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni. Alisoma faili kimya. Alisoma barua yangu, nikaona macho yake yakipita juu ya mwandiko wangu, nikakaa wima. Kisha akamwambia mdogo wangu, "Kunja mikono ya shati."

Hakutaka. Daktari akasubiri. Mwishowe akafungua vifungo, akakunja.

Mikono yote, kuanzia kiganjani mpaka juu ya kiwiko, ilikuwa mistari ya kucha. Mingine mikavu, mingine mibichi, mingine imetunga usaha. Sijui nilitoa sauti gani. Nilikuwa nimeishi naye nyumba moja.

"Unawashwa," daktari alisema.

"Kidogo."

"Hii siyo kidogo. Na pombe haimwashi mtu hivi. Nyongo ikikosa njia ya kutoka inarudi kwenye damu, ndiyo inawasha." Akageuza karatasi za damu. "Hata hizi zinasema hivyohivyo. Ini linafanya kazi, ila kinachotoka humo kina mahali kinakwama."

Alitueleza kwa subira. Ini hutengeneza nyongo, nayo hushuka kwa mirija midogo inayoungana kuwa mkubwa mpaka kwenye utumbo. Walipompandikiza walishona mrija wa ini langu kwenye mrija wake. Pale penye mshono panaweza kusinyaa, na ultrasaundi inaweza isipaone. Kwa hiyo angempeleka kwenye MRI, mashine ya sumaku, na kumdunga mshipani dawa ya kung'arisha ambayo ini lenyewe huinywa kutoka kwenye damu na kuimwaga ndani ya nyongo. Wakisubiri kidogo wakapiga picha, nyongo itawaka nyeupe, na pale itakapokatika ndipo penye tatizo. Nilielewa. Ni kama kumwaga chokaa kwenye mfereji ulioziba, ukafuata mweupe mpaka unapoishia.

Nilielewa, na bado moyoni nikasema tutaona. Sikuwa tayari kuiacha hasira yangu kwa sababu ya kukunja mikono ya shati tu.

Kesho yake akafunga bila kula wala kunywa tangu alfajiri. Mtaalamu wa picha akamwuliza maswali yake: una saa, una sarafu, una meno ya bandia, una kipande cha chuma mwilini, umewahi kupigwa risasi. Akajibu hapana kila mara. Vile vibanio vidogo vya upasuaji walikuwa wanavijua, vimeandikwa kwenye faili, havina shida. Daktari aliniruhusu kukaa nyuma ya kioo, nadhani kwa sababu alijua kwamba linalopigwa picha humo ndani kwa sehemu kubwa ni langu.

Mashine iligonga na kugonga. Picha zikaanza kuja kwenye kioo cha kompyuta. Nikaona ini, kubwa, limetulia, limeng'aa vizuri baada ya dawa kuingia. Niliona fahari, nakiri. Halafu daktari akainama karibu na kioo.

Chini ya ini, mahali ambapo mirija inashuka kuelekea utumbo, palikuwa na doa jeusi. Halikuwa na umbo la kitu chochote cha mwili. Lilikuwa shimo, lenye kingo zilizopindapinda, na kila kilichokuwa karibu nalo kilikuwa kimevutwa na kupotoka. Wakapiga tena. Wakambadilisha alivyolala, wakapiga tena. Doa lilisogea kidogo, likabaki limeifunika njia ya nyongo yote.

"Huyu ana chuma tumboni," mtaalamu alisema.

Wakamtoa. Alikaa pembeni ya kile kitanda na gauni la hospitali, miguu imening'inia. Daktari akamwuliza amemeza nini. Alitazama sakafu, halafu akanitazama mimi, siyo daktari.

"Nimekunywa maji ya mhunzi," alisema. "Siku ile ya kunyoa."

Nilisogea mpaka mbele yake. Nilimkataza. Alinidanganya kwamba anakwenda kunyoa. Amekwenda kulishwa magamba ya chuma, akaja nayo tumboni mpaka kwenye mashine ya sumaku, akaulizwa mbele yangu kama ana chuma akasema hana. Nilimwambia maneno mabaya mbele ya watu wale. Nilimwambia ameniaibisha, na kwamba heri ningebaki na ini langu lote.

Alijibu polepole. "Wewe ulikataa kuja. Ikabidi ninywe peke yangu. Mhunzi akasema mshtaki asipokuja, mshtakiwa anakunywa na sehemu yake."

Yaani alikunywa mara mbili. Alikunywa na yangu.

Daktari hakucheka, na ninamheshimu mpaka leo kwa hilo. Aliuliza ilikuwa kiasi gani, akaandika. Akasema chuma kile kitapita chenyewe, ila wasubiri siku kadhaa mpaka tumbo liwe safi, ndipo wamdunge dawa tena na kurudia. Kufungua mahali ambapo hawajapaona hakuna faida. Tukapanga nyumba ya wageni karibu na hospitali. Tulikaa chumba kimoja, vitanda viwili, bila kusemeshana isipokuwa saa moja na saa moja.

Siku ya pili mchana akaanza kutetemeka. Meno yaligongana, shuka zikalowa, macho yakawa kama kiini cha yai. Nilimpakia kwenye teksi. Daktari alisema nyongo iliyokwama imeoza, akamtundikia dripu ya dawa kali, akaniambia bila kunificha kwamba isipofunguliwa mapema ini linaweza kwenda lote, na yeye pamoja nalo. Picha ingekuwa imepigwa vizuri, mgonjwa angekuwa ameshafunguliwa. Aliisema kama taarifa tu, lakini nilisikia hesabu yake: siku zilizopotea kwa sababu ya chuma, na mwezi mzima uliopotea kabla ya hapo kwa sababu ya karatasi.

Nilikuwa namkanda kwa kitambaa cha maji baridi. Mgongo wake ulikuwa kama mikono. Alipopata nafuu kidogo ya homa, nikamwuliza alikuwa anafanya nini nyuma ya nyumba ya mama wa dengelua.

"Mfereji unapita pale," alisema. "Umesahau? Maji yake ni baridi kuliko ya mahali pengine. Nikikaa ndani mpaka kifuani kuwashwa kunakoma. Saa nzima, wakati mwingine na zaidi. Kwako kuna joto, dada. Kwako nilikuwa nataka kujichuna ngozi."

Sikuwa nimesahau. Nimechota maji kwenye mfereji ule utoto wangu wote. Ila nilipoambiwa nyuma ya nyumba ya pombe, nilisikia pombe.

"Tangu lini unawashwa?"

"Miezi mitatu. Inakaribia minne."

"Na hukuniambia."

"Ulinipa kitu," alisema. "Mtu akikupa kitu, utamrudiaje kumwambia kimeharibika? Nilisema labda kitatulia chenyewe."

Hapo ndipo niliposalitiwa hasa, na sitaki mtu aniambie vinginevyo. Miezi mitatu! Mimi niliyesimama mlangoni na maji kila saa moja, niliyehesabu kila kidonge, alinifungia vifungo vya shati. Alininyamazia kama alivyowanyamazia mgambo. Angesema siku ya kwanza, kusingekuwa na barua wala mhunzi wala homa. Nilimwambia hivyo, nikiwa bado namkanda. Aliitikia kwa kichwa. Akasema, "Na wewe ungeuliza kwanza, ndipo uandike."

Nilikuwa nimeuliza. Ila ninajua niliulizaje.

Siku ya tano wakampiga eksirei, tumbo likawa safi, wakamrudisha kwenye MRI. Nilikaa nyuma ya kioo tena. Wakadunga dawa, wakasubiri muda mrefu kuliko mara ya kwanza, kwa sababu ini lililochoka huinywa taratibu. Halafu nyongo ikaanza kuwaka. Ilikuja kutoka pembeni, vijito vyembamba, vikaungana, vikanenepa kupita kiasi, vyote vyeupe. Na pale vilipokutana pakakatika. Chini yake kulibaki uzi mmoja mwembamba mno, ambao daktari alilazimika kunionyesha kwa ncha ya kalamu.

"Juu ya hapa ni mrija wako," alisema. "Chini ni wake. Ni pale penye mshono."

Siku ileile wakampitishia mpira mdomoni mpaka tumboni, wakapanua pale penye uzi, wakaacha kibomba kidogo cha plastiki ndani. Nyongo iliyotoka ilikuwa nyeusi. Baada ya wiki moja macho yalikuwa yameanza kusafika, na baada ya mbili alilala mchana kutwa bila kujikuna. Kile kibomba kilibadilishwa mara kadhaa kwa muda wa mwaka na zaidi, kisha kikatolewa. Ini lipo. Mahindi ya msimu ule yalivunwa na tumbo lake likiwa limelala.

Alihamia Kighare. Alisema ni kwa ajili ya baridi, na mimi sikubishana. Saa ya kengele nilimpa aende nayo. Tunakutana Mwanga stendi siku za kwenda Dar kupimwa, tunapanda basi moja, tunakaa kiti kimoja, tunazungumza habari za shamba. Tulipofika pale mara ya kwanza baada ya yote hayo, nilikwenda kwa mtunza mafaili nikamwomba anitolee barua yangu. Nilimweleza kwamba niliyoyaandika si kweli.

"Faili halitolewi karatasi, mama," alisema. "Linaongezwa tu."

Nikaandika nyingine palepale kaunta. Nilisema kwamba nilikosea, kwamba mgonjwa hakunywa, kwamba shahidi hakuonja. Akaitoboa matundu mawili akaiweka nyuma kabisa, baada ya picha na majibu yote, kwa mpangilio wa tarehe. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu yangu. Akaniambia, bila ukali, "Dada, usiandike tena kitu chochote juu yangu."

Yule daktari mwanamke alihama muda si mrefu. Wanaokuja ni wapya, wana haraka, wanaanza mbele. Hufungua faili, husoma ukurasa wangu wenye mwandiko mzuri, na kila mara huinua uso na kumwuliza swali lilelile: naona uliwahi kurudia pombe, uliacha lini?

Hakatai. Hasemi habari za mhunzi wala za mfereji. Huelekeza kidevu nilipokaa na mkoba wangu.

"Mwulize dada," husema. "Yeye ndiye anayejua."

Nami huinuka nikaeleza, kila safari, tangu mwanzo, mbele ya mtu mgeni. Daktari husikiliza, huandika, na hageuzi ukurasa kwenda nyuma kutazama.